Gofu Tulilolichonga Kabla ya Kuliona

Tangu turudi, kila anayeingia hapa atelier, karakana yetu ya Mutanga Sud, anauliza kabla hata hajapata kiti: "Zena, mulienda kufanya nini kule mbali? Na mbona mukitazamana na Espe munacheka?" Nimesimulia vipande vipande, kimoja kwa mama Divine, kingine kwa majirani wa Gasenyi, na sasa nasikia mtaani kwamba tulikamatwa na pweza baharini. Hatukukamatwa na pweza. Yeye ndiye alikuwa amekamatwa. Basi nimekaa nikaandika yote tangu mwanzo, mnielewe mara moja. Mambo ya tiketi na vibali nayaruka. Yalinichosha yalipotokea, sina haja ya kuchoshwa nayo tena.

Mutanga Sud, kwenye meza yetu

Wasionijua: mimi ni Zena, mzaliwa wa Buyenzi, mkazi wa Gasenyi, hapa hapa Bujumbura. Espérance, tunayemwita Espe, ni mwenzangu wa kazi. Kazi yetu ni gravure. Tunachonga picha kwenye lino, utandiko laini kama mpira, iliyobandikwa juu ya ubao, tunapaka wino kwa rola, tunalaza karatasi, tunasugua kwa mgongo wa kijiko, tunabandua. Palipochongwa panabaki peupe, palipoachwa ndipo wino unapokaa. Na kila kitu kinatoka kimegeuka: cha kulia kinahamia kushoto.

Mwaka huu wachapaji wa mji tuliombwa kazi za maonyesho, na mada ilikuwa mahekalu ya kale yaliyobomoka. Mimi na Espe tukachukua ubao mmoja, mrefu kama mlango wa kabati. Upande mmoja wangu, upande mmoja wake, katikati tutapaamua pamoja. Wote wawili hatukuwa tumewahi kuona gofu la hekalu kwa macho. Tulichonga kutoka vitabuni.

Mimi nilichonga nguzo. Ndefu, nyembamba, zinasimama peke yazo juani kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Kwangu gofu lilikuwa heshima: tazameni, tulikuwa wakubwa. Bibi yangu wa Buyenzi alikuwa akisema ukoo wetu ulitoka pwani, kwenye majumba ya mawe, na mimi hayo majumba niliyavaa kama mkufu. Espe alichonga ukuta uliopasuka, na juu yake mbingu tupu. Kwake gofu lilikuwa maumivu, basi. Alikulia mbele ya nyumba isiyo na paa, na hajawahi kutuambia ilikuwa ya nani.

Katikati pakabaki pamenyooka, hapana hata mkwaruzo. Kila nilichopendekeza alisema ni majivuno. Kila alichopendekeza nilisema ni matanga. Tukabishana mpaka tukaanza kunywa chai kila mtu na chupa yake. Wakati huo huo shule moja ya Kigali ilikuwa imemwita Espe akafundishe, na walikuwa wanangoja jibu. Asubuhi moja akaweka patasi chini akasema:

"Zena, kama ubao umoja unatushinda, tuukate mara mbili. Kila mutu aende na nusu yake."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha. Nikasikia msumeno tayari. Nikamjibu neno la kwanza lililonijia: "Kwanza twende tukaione hiyo ruine, hilo gofu lenyewe. Ndipo tukate."

"Twende wapi?"

"Kilwa. Kuna msikiti wa mawe wa zamani za zamani. Tunafika kwa nchi kavu, na wanasema Kiswahili. Lugha tunaijua."

Lugha tunaijua! Msisahau kwamba nilisema hivyo.

Barabara ya ziwa hadi mpakani

Tulitia patasi, rola, wino, karatasi na lino ya akiba mfukoni, tukaufunga ubao kwa kitenge cha Espe, tukaulaza juu ya magoti yetu kwenye teksi ya kukodi kwa pamoja, wakubwa tukiwa mbele na mifuko ya ndagala, dagaa wa kwetu, ikiwa nyuma. Ziwa lilikuwa upande wetu wa kulia, bluu ya kujisifu. Mpaka Rumonge tulikwenda vizuri. Hapo essence, yaani petroli, ikaisha, na dereva akatuambia binamu yake analeta dumu, yuko njiani.

Binamu yuko njiani ni maneno ya kukaa chini. Tulikaa. Mwanamke mmoja mwenye jiko pembeni ya barabara akatukaangia mukeke kwa mawese, na ndizi, na pilipili iliyotutoa machozi ya furaha. Espe, ambaye kwa wiki nzima alikuwa hasemi nami ila "nipe rola", akaninyang'anya kichwa cha samaki akasema, "We hujui kukila, unakiharibu." Nilijua safari imeanza vizuri. Binamu alifika baadaye sana, kwa miguu, dumu kichwani, akaomba na yeye samaki.

Mpakani, afisa mmoja mwenye shavu lililovimba akagonga ubao wetu kwa kidole.

"Iyi kitu ni nini?"

"Ni temple, chef," Espe akajibu. "Lakini bado kuisha."

Uso wa afisa ukabadilika. Ninyi mnajua: kwetu ukisema temple, mtu anaona kanisa la Waprotestanti, na kwaya, na mchungaji mwenye tai. Akapunguza sauti. "Kumbe muko batumishi. Basi muniombee. Jino hili halinipatii usingizi."

Nikamtazama Espe, Mkatoliki mtoto wa Wakatoliki. Espe akanitazama mimi na mtandio wangu.

"Na huyu mwenye mtandio?" afisa akauliza.

"Huyu ndiye anaombaga vizuri kupita wote," Espe akasema, uso mkavu kabisa.

Ningefanya nini? Nilinyanyua mikono nikamwombea dua ya kweli, kwa sababu shavu lake lilikuwa la kuhurumiwa. Espe akapiga ishara ya msalaba. Afisa akaitikia Amina kwa wote wawili. Nilidhani imekwisha, nikageuka, nikakuta mzee mmoja wa foleni ameshakunja suruali anionyeshe goti. Nyuma yake mama mwenye mtoto mwenye kikohozi. Nyuma yake kijana aliyetaka ombi la mchumba, na alitaka tutaje jina. Tuliombea foleni nzima. Dereva alipiga honi mpaka akachoka, akashuka, na yeye akaombewa tairi.

Tulipovuka Espe alikuwa amejikunja kwa kicheko juu ya ubao, hawezi kusimama. "Mana yanje, Zena! Tumekuwa pasteri!"

Kigoma, na treni

Kigoma tulikula samaki yule yule wa Rumonge ambaye huko anaitwa mgebuka, na Espe akaapa ni mtamu kidogo kuliko jina lake la kwetu. Treni ilichelewa kuja, kisha ilichelewa kuondoka, kisha iliondoka ikarudi nyuma kidogo kama mtu aliyesahau funguo.

Behewa letu lilikuwa limejaa kwaya moja inayokwenda kwenye tamasha la waimbaji. Kiongozi wao, mama mnene mchangamfu aitwaye Mama Pendo, aliona ubao wetu akashangilia: "Meza!" Kabla hatujafungua midomo, ubao ulikuwa umelala juu ya magoti ya watu, uso chini, na juu yake chapati, maharage, na beseni la maembe. Nilinyoosha mikono niuokoe. Lakini kitenge kilikuwa kimeukinga, na chapati zilikuwa za moto. Nikamezea.

Kituo cha Tabora wauzaji wa asali walisimama chini ya madirisha. Espe akatoa kichwa nje, akapaza sauti kwa furaha yote: "Mama! Mi nauza asali!"

Yule mama akaweka mkono kiunoni. "Na mimi nauza asali. Tutauziana?"

"Ndiyo! Nauza chupa mbili!"

"Ziko wapi?"

"Si ni hizo zako!"

Behewa zima likalipuka. Ilibidi nieleze kwamba kwetu mtu akinunua anasema anauza, na akiuza anasema anauzisha, na kwamba mwenzangu si mwizi. Mama wa asali alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo yake, na akatuongezea kipande cha sega. Tangu hapo kwaya yote ikawa inasema "nauza" kila wanapotaka kitu. "Dada, nauza chumvi." "Kaka, nauza dirisha, sogea."

Mchana huo Mama Pendo akanikabili. "Mwimbaji wetu mmoja wa sauti ya pili ameshuka na homa. Nimekusikia ukiimba peke yako. Njoo."

"Mama, mimi ni Mwislamu."

"Sauti ya pili imepungua, mwanangu. Dini utatuambia ukishuka."

Niliimba. Wallahi niliimba kama sina akili, nchi kavu ikipita dirishani, mbuyu baada ya mbuyu, mpaka Dodoma ambako tulinunua zabibu (wote tukisema tunaziuza). Behewa la jirani lilikuwa na wanafunzi, likaanza kushindana nasi, na mimi sijui kushindwa. Tulipokaribia Dar es Salaam nilifungua mdomo nimwulize Espe kama tumefika. Hakikutoka kitu, hata mluzi.

Espe akanitazama, nikaona wazo linamwingia polepole. "Zena hana sauti," akasema. "Basi mi ndiye nitaongea."

Dar es Salaam, kwenye hekalu lisilo letu

Hebu fikirini. Jiji lile, joto lile, na msemaji wetu ni Espe.

Akamsimamisha kijana wa bajaji. "Kaka, tunatafuta kufika ku hekalu ya zamani. Ile ya kubomoka. Kwa kusini."

Nilipunga mikono. Nilitaka aseme kituo cha basi la Kilwa. Kijana akaelewa mikono yangu kuwa ni haraka.

"Hekalu nalijua," akasema. "Ila halijabomoka, dada. Wanalikarabati."

Akatupeleka mbio, akipenya mahali ambapo hata wazo halipenyi, akatushusha mbele ya hekalu la Wahindi. Lilikuwa limezungukwa na jukwaa la miti la mafundi rangi, kuta zikiwa waridi na manjano, na nyuma ya uzio harufu ya samli ilikuwa inatuita kwa majina. Mlangoni mzee mmoja mwenye miwani akaona ubao akapiga makofi. "Ubao! Umefika! Ingieni, ingieni!"

Walikuwa wanangoja rafu kutoka kwa fundi seremala. Espe hakujua. Aliamini kabisa kwamba ukarimu wa pwani ndio huo, kwamba wachapaji hupokewa kwa makofi. Mimi nilijua kuna kosa, lakini sauti sina. Tuliketishwa chini kwa mstari na watu wengine, tukawekewa majani ya mgomba mbele yetu, kisha mikono ikaanza kupita: dengu, viazi vya manjano, puri zilizovimba kama mashavu ya yule afisa wa mpakani, wali, achari, na vitamu vya duara vilivyoyeyuka kabla ya kutafunwa. Sijui ilikuwa sikukuu gani. Nilikula kama aliyealikwa tangu mwaka jana.

Tulipofungua kitenge ndipo ukweli ulipojulikana. Mzee mwenye miwani aliugeuza ubao, akakuta nguzo badala ya rafu, akabaki mdomo wazi. Mwanawe wa kike, Hansa, mwenye Kiswahili cha mjini kisicho na kona, akainama akaangalia kazi yetu kwa muda.

"Hii ni nini hasa?"

"Ni hekalu ya kufa," Espe akasema.

Hansa akazungusha kidole juu ya nguzo zangu, kisha juu ya ukuta wa Espe. Nilingoja sifa, siwafichi. Akauliza: "Jikoni ni wapi?"

"Jikoni?"

"Hekalu lina jiko. Lina mtu anafagia, lina watoto wanakimbia wanagombezwa. Humu hamna mtu. Wote wameenda wapi?"

Espe akaniangalia, na mimi nikainua mabega, na bila sauti wala ugomvi tukakubaliana kwa mara ya kwanza juu ya ubao ule: hatukuwa tumefikiria.

Walitufungia vitamu kwenye gazeti, na mzee mwenyewe akamwelekeza kijana mwingine wa bajaji, kwa maneno makubwa na taratibu, kituo cha basi la kusini.

Kusini

Basi la Kilwa lilikuwa zuri, na nililala karibu njia yote. Niliamka tulipovuka Rufiji, nikaona maji mapana ya rangi ya chai ya maziwa, nikalala tena. Espe aliniamsha Nangurukuru kunilisha korosho za kuchoma. Alikuwa amefanya urafiki na basi zima na alikuwa ameahidi kumwozesha konda. Huko Kilwa Masoko tulilala kwa mama mmoja mpangishaji ambaye aliponiona nimekosa sauti alinichemshia tangawizi na limau, akanikataza hata kunong'ona. Asubuhi, sauti ilirudi nusu, nzito kama ya mwanamume. Nilisema "Asante mama" na paka wake akakimbia.

Kilwa Kisiwani

Boti ya injini ilituvusha kabla ya joto kupanda. Espe, mtoto wa ziwa, alionja maji ya bahari kwa kidole na kutangaza kwamba mtu ameyaharibu kwa chumvi. Mwongozaji wetu, Bwana Shaweji, kijana mwenye kofia iliyokunjwa vizuri, alikuwa na maelezo yake aliyoyashika kwa moyo, na ukimkatiza ilibidi aanze upya. Espe alimkatiza mara nyingi.

Na kisha tukafika msikitini.

Ninaandika hapa na mkono unataka kwenda mbio. Nguzo hazikuwa ndefu! Zilikuwa nene, fupi, za pembe nane, zimesimama karibu karibu kama wanawake sokoni. Mawe yalikuwa ya matumbawe, ukiyatazama kwa karibu unaona maua madogo ya bahari ndani ya ukuta. Sehemu moja paa limekwenda na jua linaingia bila kubisha. Sehemu nyingine kuba bado ziko, mviringo baada ya mviringo, na ukisimama chini yake unapumua taratibu bila kuambiwa. Hapakuwa na majivuno niliyoyachonga. Hapakuwa pia na kilio cha Espe. Kulikuwa na mbuzi mmoja amelala kivulini, anatafuna kitu ambacho nadhani kilikuwa karatasi.

Tukaufungua ubao sakafuni. Ulionekana mwongo. Espe akasema, "Zena, ni baya." Nikasema kwa sauti yangu ya kiume, "Yote mawili ni mabaya, langu na lako." Tulikaa chini, kila mtu upande wake, na kwa mara nyingine nikausikia ule msumeno.

Mvua ilishuka bila salamu. Bwana Shaweji alikuwa katikati ya sentensi. Tukasikia makelele, vicheko, miguu, na kundi la wanawake waliokuwa wakitoka ufukweni na ndoo zao wakaingia mbio chini ya kuba, nguo zimeshikamana, vyuma vyao vya kutolea pweza mikononi. Pakajaa. Mwenye kuongoza alikuwa Bi Mwanaidi, mrefu, mwenye kanga ya kijani. Alituona, akaona ubao, akasalimia kana kwamba sisi ndio wenyeji.

"Mnatoka wapi?"

"Bujumbura," nikasema. Kisha, kwa sababu nilikuwa nimeibeba tangu utoto, nikaongeza: "Lakini bibi yangu alisema asili yetu ni huku."

"Kila mgeni asili yake ni huku," Bi Mwanaidi akasema, "mpaka tumuulize mtaa."

Kundi zima likacheka. Mimi pia, na nilishangaa kwamba neno hilo halikuniuma. Mkufu wangu ulikatika pale pale na sikuinama kuokota shanga.

Hapo ndipo pweza alipotoka. Alikuwa juu kabisa ya ndoo ya mmoja wao, wote tukidhani ameshakufa, na yeye hakuwa na habari hiyo. Akamwagika sakafuni, akanyoosha mkono mmoja, akanyoosha wa pili, akaanza safari. Alikuwa anaelekea kwa Espe, aliyechuchumaa kando ya ubao, ambaye katika maisha yake hajawahi kuona kiumbe cha namna hiyo.

"Yampayinka! Iko na mikono! Zena, iko na mikono ingine!"

Aliruka. Alipanda juu ya kisiki cha nguzo kwa namna ambayo siwezi kueleza, akashika sketi kwa mkono mmoja na kichwa cha Bwana Shaweji kwa mkono mwingine. Wanawake wakapiga mayowe ya kicheko, wakaruka huku na huku, ndoo zikagongana. Mbuzi akaamka akakimbilia mvuani. Bi Mwanaidi alijaribu kumshika pweza, akacheka mno, akakosa; pweza akapita katikati kabisa ya ubao wetu, pale palipokuwa hapana kitu, akaacha njia ya maji na mchanga. Mwishowe akakamatwa kwenye kona ya nguzo zangu.

Nilipogeuka, Espe alikuwa ameshashuka. Alikuwa amepiga magoti kando ya ubao, anapangusa maji kwa kitambaa chake cha kichwa, na bila kuniuliza alikuwa ameshika penseli. Anacheka na kuchora. Kanga ya Bi Mwanaidi. Mguu hewani. Mdomo wazi. Mikono minane. Nikapiga magoti upande wa pili nikaanza kuchora kuba juu yao, na tulichora hivyo, vichwa vyetu vikigongana, mpaka mvua ikapungua.

Tulikula kwa Bi Mwanaidi mchana huo, pweza yule yule kwa nazi. Espe alimwomba pweza radhi kwanza. Katikati ya chakula akaniambia kwa sauti ndogo, bila kuangalia juu:

"Ile nyumba ya kwetu, yenye haikuwa na paa. Ilikuwa ya babu."

Nikaacha kutafuna.

"Hapo ndipo tulikuwa tunachezaga, Zena. Kila siku. Tulichekaga sana mule ndani. Mama alikuwa anatufukuza, tunarudi. Miaka yote nimechonga ukuta ule, sijawahi kuweka mutoto hata mumoja."

Nilimsogezea kipande kizuri cha pweza, na Espe, aliyekuwa amelia kidogo, akakila.

Tulibaki siku kadhaa kisiwani tukichonga. Nguzo zangu nikazibandua, nikabandika lino ya akiba, nikazichonga upya, fupi na nene. Mchapo wa kwanza tuliutoa uani kwa Bi Mwanaidi, tukisugua kwa vijiko vyake. Karatasi ilipobanduka wanawake walijaa juu yetu, kila mmoja anajitafuta. Bi Mwanaidi alijiona mara moja, akakunja uso.

"Mbona chuma nimeshika mkono wa kushoto? Mimi si wa kushoto."

"Mama, inageuka," Espe akaeleza. "Kila kitu inageuka."

"Basi igeuzeni irudi."

Ilikuwa mada ya jioni nzima. Mchapo tuliwaachia, na tulipoondoka walikuwa bado wanabishana utatundikwa nyumba ya nani.

Kurudi

Kurudi kulikuwa kurefu na sitaki kuwachosha. Ubao ulirudi mzima. Kwenye treni sikumwuliza Espe habari ya Kigali. Niliogopa jibu.

Tulichapa hapa Mutanga Sud siku mbili kabla ya maonyesho, wengi wenu mlikuwepo mkatusaidia kuinua karatasi. Mliona wenyewe watu walivyosimama mbele yake. Walikuja na nyuso za makumbusho, wakasogea, wakaona pweza. Mimi nilitembea nyuma yao nikihesabu mabega yanayotikisika.

Usiku ule nilimtumia Bi Mwanaidi picha kwa simu. Kesho yake, tukisafisha rola, jibu likaja, la sauti. Tukaweka simu katikati ya meza. Nyuma yake kulikuwa na wenzake wote, wanasemeshana, na yeye anapaza sauti kuwashinda.

"Zena! Na wewe mwenye kuogopa! Tumeiona. Imependeza, mashaallah. Lakini mbona mmetuweka mle ndani mpaka leo? Mvua imekwisha zamani! Tuna vyungu jikoni! Tutoeni!"

Espe alicheka akashika ukingo wa meza. Akairudia ile sauti mara ya pili, na ya tatu. Kisha akachukua simu yake mwenyewe akatoka barazani, nikamsikia akizungumza Kirundi na mtu wa Kigali, taratibu, kwa adabu nyingi, akishukuru, akisema kwamba ana kazi imemshika hapa na haoni itakwisha lini.

Akarudi ndani. Alishusha ubao mpya kutoka kwenye rafu, akavua viatu, akakaa chini sakafuni, akaanza kuchora mlango.